Naomba ushauri: kunukuu utenzi wa herufi za Kiarabu

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Tunahamishia utenzi wa kale kwenye herufi za Kirumi, na herufi ba (ب) inatusumbua. Waandishi wa zamani waliitumia kwa b, p na mb; dhamma nayo, alama ya irabu inayoandikwa juu ya herufi, ni u au o. Basi kafu (k) yenye dhamma ikifuatwa na ba yenye fataha (alama ya a) yaweza kusomeka kupa, kopa, kumba au komba! Mizani 8 (silabi nane kwa kila kipande cha ubeti) haisaidii, maana yote ni silabi mbili. Kina (silabi ya mwisho inayofanana) husaidia, ila neno likiwa mwisho wa kipande tu.

Usomaji ukibaki zaidi ya mmoja, tuchague mmoja na mwingine uende tanbihi, au yote yakae ndani ya matini yakitenganishwa kwa mkwaju (/)? Na Kimtang'ata, lahaja ya utenzi huu, tukiache kilivyo? Mie naona kukisanifisha ni kukiharibu.