Hosea 6:6 na Yeremia 7:22: je, manabii waliifuta Walawi?

MwanaPasua (Moshi)
Salaam wakuu. Kikundi chetu cha Biblia kimekwama. Walawi 1 hadi 7 inaagiza sadaka kwa undani, mpaka figo mbili na kitambi cha ini. Halafu Hosea 6:6: "Maana nataka fadhili wala si sadaka." Yeremia 7:22 ni kali zaidi: Mungu anasema siku aliyowatoa baba zao Misri hakuwaamuru habari za sadaka. Wengine kikundini wanasema manabii waliifuta Torati, wengine wanasema tusiulize. Naomba jibu linaloshika maandiko yenyewe.

Mama wa Kibosho
Mwanangu, malizia mstari wa Hosea: "na kumjua Mungu *kuliko* sadaka za kuteketezwa." Hilo "kuliko" ndilo linalofafanua "wala si" ya mwanzo. Kiebrania hukana kitu kimoja ili kukipandisha kingine.

Kisha soma Isaya 1 taratibu. Mstari wa 11 anakataa makafara, wa 13 anakataa sabato, wa 15 anakataa hata maombi. Anayesema Isaya alifuta sadaka akubali pia kwamba alifuta kuomba! Sababu imo humo humo: "mikono yenu imejaa damu." Naye Malaki 1:8 anawakemea wanaoleta mnyama kipofu na kilema. Kama madhabahu yenyewe ingekuwa imekataliwa, kilema kingemhusu nini?

Kaloleni AR
Naongezea kwa Mama. Hata ndani ya Walawi sadaka haisimami peke yake. Angalia 6:1-7. Mtu amemdhulumu jirani yake, tuseme magunia 5 ya mahindi, akaapa kwa uongo. Kwanza akiri (hilo limo Hesabu 5:7), arudishe yote 5, aongeze sehemu ya tano, yaani gunia 1, ampe mwenye mali. Ndipo alete kondoo dume asiye na ila kwa kuhani. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi (Baba Kama 9:12), inasema wazi: akitanguliza kondoo kabla ya kurudisha mali, hajatimiza kitu. Watu hukosea hapa kwa sababu wanaanza kusoma kwenye damu na kuruka malipo.

Na maskini hakufungiwa mlango. Walawi 5:11 inamruhusu asiye na uwezo wa hua wawili alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, bila mafuta wala ubani. Ni kama lita 2 na kidogo, yaani zaidi kidogo ya nusu sado (kopo la lita 4) ya pale sokoni Mbuyuni.

Zaburi 51 nayo inaeleweka hivyo. Kichwa chake kinaitaja habari ya Daudi na Bathsheba: uzinzi, kisha mauaji ya mumewe. Tafuta Walawi yote, hakuna mnyama aliyepangwa kwa makosa hayo. Hesabu 15:30 inasema atendaye kwa kiburi hukatiliwa mbali. Mwenye zaburi anasema "hupendezwi na dhabihu" kwa sababu kweli hana dhabihu ya kuleta. Kimebaki moyo uliovunjika.

MwanaPasua (Moshi)
Hapo nimekuelewa kabisa. Na Yeremia?

Kaloleni AR
Huyo ni mgumu, tusimlainishe. Anza mstari wa 21: ongezeni sadaka zenu za kuteketezwa juu ya dhabihu zenu, mkale nyama. Sadaka ya kuteketezwa haikuliwa na mtu; nyama yote iliungua madhabahuni. Kwa hiyo anawaambia: kuleni na hiyo, kwangu imekuwa nyama tu.

Kuhusu wa 22, Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa karne ya 11, anasema agizo la kwanza lilikuwa kutii sauti yake, Kutoka 19:5, na sheria za sadaka zikafuata. Mimi naona jibu hilo lina nguvu, ila lina ufa: pasaka ya Kutoka 12 ilitangulia kutoka Misri, na 12:27 inaiita dhabihu.

Mama wa Kibosho
Ufa ni kweli, na kikundi kiambiwe hivyo. Ila Jumatano msianze na wa 22. Anzeni mstari wa 9: wizi, mauaji, uzinzi, kiapo cha uongo, kisha watu hao hao wanaingia hekaluni na kusema "tumepona". Someni kwa sauti mpaka wa 11, ndipo mshuke kwenye 22.