Mjadala: Je, mafuriko na ajali tuzisome kama hukumu ya Mungu?

Kila mvua kubwa inapoleta msiba, huku kwetu Arusha na Moshi huzuka namna moja ya mahubiri. Mhubiri husoma Mathayo 24, hutaja vita, njaa na matetemeko ya nchi, kisha huyaunganisha na yaliyotokea wiki hiyo, na kabla ibada haijaisha waumini wamekwisha kuambiwa ni dhambi ya nani iliyoyaleta maji yale. Tulisikia hivyo Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh, likaua zaidi ya watu 80. Tukasikia tena Aprili 2024, gari la shule liliposombwa na maji hapa Arusha na watoto wakapoteza maisha. Upande wa pili wapo Wakristo, wengi wao wasomi, wanaosema kwamba Biblia haina la kusema juu ya mitaro na milima, na kwamba mambo hayo waachiwe Mamlaka ya Hali ya Hewa na halmashauri. Naleta mada hii kwa sababu naona pande zote mbili zinalipunguza Neno, ingawa si kwa kiwango kilekile.

Nianze na upande wa hukumu, kwa kuwa ndio wenye sauti kubwa. Katika Luka 13 watu walimpasha Yesu habari za siku zile, za Wagalilaya ambao Pilato aliichanganya damu yao na dhabihu zao, naye mwenyewe akaongeza habari nyingine, ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Moja ilikuwa ukatili wa dola na nyingine ajali ya jengo, yaani aina zilezile za habari tunazozikuta magazetini hadi leo. Yesu alikataa waziwazi kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wengine, kisha akawageukia waliokuwa wakimsikiliza na kuwaambia kwamba wasipotubu wataangamia wao pia. Wahubiri wetu huipenda sana sentensi hiyo ya mwisho, lakini huisoma pasipo ile iliyoitangulia, na matokeo yake ni kwamba toba inadaiwa kwa marehemu, ambao hawawezi tena kutubu, huku walio hai wakitoka kanisani wamefarijika kuwa wao si kama wale wa Katesh. Ukiendelea mistari michache unakuta mfano wa mtini uliokaa miaka mitatu bila kuzaa, na mtunza shamba akiomba mwaka mmoja zaidi aupalilie na kuutia samadi. Mkulima wa Machame hahitaji kufafanuliwa mfano huo. Mungu anayeonyeshwa hapo anakubali kungoja, na kuna mtu anayeshika jembe.

Mathayo 24 nayo haisemi kile inachosemeshwa. Baada ya kutaja vita na matetemeko, Yesu anawaonya wanafunzi wasitishwe, kwa maana ule mwisho bado, na mbele kidogo anasema kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Afrika Mashariki imelipa gharama kubwa kwa kulipuuza onyo hilo: Kanungu nchini Uganda, ambako Machi 2000 mamia ya waumini waliosubiri mwisho wa dunia waliteketea kwa moto, na Shakahola nchini Kenya, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa. Sisemi kwamba kila anayehubiri nyakati za mwisho anaelekea huko. Nasema kwamba mtu akishazoeshwa kuamini kuwa mhubiri wake anajua maana ya siri ya kila tukio, hana tena mahali pa kusimama ili amhoji.

Ipo pia namna ya pili ya kulitumia vibaya Andiko, ambayo haitishi mtu na kwa sababu hiyo hatuilalamikii. Yeremia 29:11, lile neno la mawazo ya amani wala si ya mabaya, limeandikwa kwenye kalenda, kwenye vioo vya daladala na kwenye kadi za mahafali. Ni neno jema, lakini lilikuwa ndani ya barua iliyopelekwa kwa mateka waliokuwa Babeli, na mstari unaolitangulia unataja miaka sabini, ambayo kwa wengi wa waliosomewa barua ile ilikuwa na maana kwamba wangefia ugenini. Katika sura iliyopita nabii Hanania alikuwa amewaahidi watu kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana na mateka wote wangerudi nyumbani, na Yeremia alimwambia usoni kwamba anawatumainisha watu kwa uongo. Mahubiri mengi ya kufunguliwa milango ya biashara mwaka huu huu yanaichukua sauti ya Hanania na kuipachika jina la Yeremia. Yeremia mwenyewe aliwaambia mateka wajenge nyumba, wapande bustani na wautakie amani mji ule waliomo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wasomi wanaotaka Biblia inyamaze. Torati imejaa maagizo ya maisha ya kila siku, na ajabu ni kwamba sehemu hizo hatuzihubiri. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwamuru anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, yaani paa bapa ambalo watu walipanda juu yake, asije akaleta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka kutoka huko. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa hapa Moshi kwa kukanyagana wakati wa ibada, wakikimbilia mafuta ya upako, na baada ya msiba ule zilisikika sauti zilizosema ni shetani na zilizosema ni mapenzi ya Mungu. Mstari wa ukingo ungetuuliza jambo tofauti kabisa: nani aliwakusanya watu wengi kiasi kile, na ukingo wake ulikuwa wapi?

Chukueni na suala la mipaka. Katika vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya Wachaga, huko Marangu, Kibosho na Rombo mpaka huoteshwa isale, mmea uleule ambao Mchaga akiupeleka kwa aliyemkosea anaomba kusamehewa. Kumbukumbu la Torati 27:17 inamlaani aondoaye mpaka wa jirani yake, na Mithali 23:10 inakataza kuyaingilia mashamba ya yatima. Yeyote aliyewahi kukaa katika baraza la ukoo anajua kwamba isale hung'olewa na ndugu, tena mara nyingi dhidi ya mjane wa ndugu yake, na kwamba aliyeing'oa huenda Jumapili ndiye anayepitisha kapu la sadaka. Chapa ya mnyama, ile ya Ufunuo 13, nimeisikia ikihubiriwa wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, nikaisikia tena wakati wa chanjo ya Uviko-19, lakini mahubiri ya isale iliyong'olewa ni nadra mno.

Mikopo ya kausha damu ndiyo inayonikera zaidi. Katika Nehemia 5 watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na kwamba watoto wao wanatiwa utumwani, na wanaowadai ni ndugu zao Wayahudi. Nehemia hakusema njaa ile ilikuwa ishara ya nini. Aliitisha mkutano mkubwa dhidi ya wakuu, akawataka warudishe mashamba pamoja na sehemu ya mia ya fedha waliyokuwa wakiitoza, ambayo wafafanuzi wengi huielewa kuwa asilimia 1 kwa mwezi. Leo mama anayeuza ndizi sokoni Mbuyuni anatozwa riba kwa wiki, pengine kwa siku, na akishindwa huchukuliwa godoro na jiko la gesi. Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na ni vema kwamba ipo. Hata hivyo sheria haiwezi kumwambia mzee wa kanisa kwamba anawatafuna ndugu zake, ilhali Nehemia 5 inaweza.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: usomaji wa Maandiko juu ya tukio upimwe kwa kuangalia unamshitaki nani. Ukiwashitaki waliokufa na wasiokuwapo, tuutilie shaka. Ukimfikia anayesoma na mfuko wake, tuusikilize.

Jibu la mchungaji kutoka Moshi

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na nakubaliana nawe kuhusu isale na kausha damu. Lakini umechagua mistari. Amosi 3:6 inauliza kama mji unaweza kupatikana na hali mbaya ambayo Bwana hakuileta, na Yoeli aliliona jeshi la nzige akawaita watu wafunge na kulia. Ukimwondoa Mungu katika mafuriko, utamrudisha lini? Mimi nimeketi na wafiwa. Mama aliyempoteza mtoto hakuniuliza habari za mtaro wala dereva. Aliuliza Mungu alikuwa wapi asubuhi ile. Kipimo chako kinamfaa sana anayehubiri katika usharika wenye watu walioshiba, lakini mbele ya jeneza kinaweza kuwa kimya kama wale wasomi unaowalaumu. Wana wa Isakari, kabila mojawapo la Israeli, walisifiwa kwa sababu walijua nyakati. Je, unataka kanisa lisilojua nyakati?

Jibu la mleta mada

Mchungaji, nashukuru, na hoja ya mama yule ni nzito kuliko yote niliyoandika. Sijamwondoa Mungu katika mafuriko. Ninachokataa ni mwanadamu kujifanya msemaji wa sababu za Mungu pale ambapo Mungu hakusema. Amosi alisema kwa sababu alitumwa, na kabla ya kuyataja maafa alikuwa amekwisha kuwataja waliowauza maskini kwa ajili ya jozi ya viatu. Hakusubiri mji uanguke ndipo atafute mkosaji. Rafiki zake Ayubu nao waliketi na mfiwa siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo huduma bora waliyowahi kuitoa, kwa kuwa walipofungua vinywa kueleza sababu waliishia kukemewa na Bwana mwenyewe. Kwa hiyo mbele ya jeneza sioni aibu katika ukimya. Pale tunazo zaburi za maombolezo, ambazo zinamuuliza Mungu swali lilelile la mama huyo bila kulijibu kwa niaba yake.

Kuhusu Isakari, 1 Nyakati 12:32 inasema walizijua nyakati ili wayajue yaliyowapasa Israeli kuyatenda. Katika Matendo 11 Agabo alitabiri njaa, ikaja siku za Klaudio, na wanafunzi wa Antiokia hawakutafuta mwenye dhambi; walichanga, kila mtu kwa kadiri ya alivyofanikiwa, wakapeleka kwa wazee wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Hata hapa Moshi, hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 ilijengwa chini ya Shirika la Msamaria Mwema, jina lililotoka katika Luka 10, na watu wa dini zote wanatibiwa pale.

Basi naomba wachangiaji wanaofuata wasinijibu mimi tu, wajibu na haya, kwa kuwa masika hayako mbali. Usharika au parokia yenu, iliyo karibu na mto Themi au Karanga, imekwisha kukubaliana nani atafungua ukumbi maji yakiingia majumbani, na funguo anazo nani? Na siku ya mkesha, jengo lenu lina milango mingapi inayofunguka kwa nje?