Binti wa miaka 16 akifika kliniki peke yake: ahudumiwe kwa siri au mzazi ajulishwe?

Mwanzisha mada
Zahanati, saa nane mchana. Binti anataka njia ya kuzuia mimba, hana mtu nyuma yake. Miongozo ya Wizara ya Afya haimtaki muuguzi adai kibali cha mzazi, lakini wahudumu wengi wanakidai, wengine wanamuuliza kama ameolewa. Mimi nasema apewe, na kwa siri. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Hao hawakusubiri kibali cha mtu. Nipingeni.

Baba Wawili
Napinga. Tangu 1998 sheria inasema kulala na binti wa chini ya miaka 18 asiye mkeo ni ubakaji, hata akisema alikubali. Sasa muuguzi anamchoma sindano ya kuzuia mimba, kimya, na mwanaume wa miaka 30 anaendelea na yake. Halafu damu ikitoka wiki tatu mfululizo, nani anaulizwa nyumbani? Mama, ambaye hajui kitu.

Mkunga
Hilo la damu ni zito kuliko unavyodhani. Sindano ya miezi mitatu huvuruga hedhi: matone, damu ya siku nyingi, kisha mara nyingi inakauka kabisa. Binti ambaye hakuambiwa anaogopa, harudi kwa sindano ya pili, na kumfuatilia huwezi kwa sababu namba aliyoandikisha ni ya mama yake. Ndiyo maana ushauri unatangulia: hedhi ya mwisho lini, anameza dawa za kifua kikuu au la (rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, inapunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya kuzuia mimba), kisha njia zote ziwekwe mezani azishike.

Kijiti kimoja kinakaa miaka mitatu, chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono asioutumia sana. Akiwekewa baada ya siku tano za mwanzo wa hedhi, ukishahakikisha hana mimba, atumie kondomu siku saba. Na asiiache hata baadaye, kijiti hakizuii VVU wala kaswende.

Siri yake inavujia kwenye bendeji. Ile ya kukaza inakaa saa 24, plasta siku tatu hadi tano, na sare ya shule ina mikono mifupi. Ukimwekea Jumatatu umemwanika darasani. Mwekee Ijumaa.

Mtu wa Sheria
Mnachanganya vitu viwili: kumficha mzazi na kuficha kosa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Muuguzi akiona dalili za kulazimishwa, anamwita afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Si lazima aanze na mzazi, maana mara nyingine aliyepokea mahari ni yeye. Binti aelezwe mpaka huo wa siri kabla hajafungua mdomo.

Ugumu upo. Kwa herufi za sheria kila binti wa 16 asiyeolewa anayekuja ni kesi. Ripoti wote, mwezi ujao chumba kitupu. Na tangu 2019 sheria inamruhusu wa miaka 15 kupima VVU bila mzazi.

Baba Wawili
Yaani sheria ina tundu, nanyi mnapita humo. Kondomu na kidonge cha dharura nitameza. Kijiti cha miaka mitatu kwa wa miaka 16, hapana.

Mkunga
Kidonge cha dharura kinafanya kazi vizuri ndani ya saa 72, kadiri unavyochelewa nguvu inapungua. Zahanati inafungwa saa tisa na nusu, Jumamosi hakuna mtu, kwa hiyo anaishia duka la dawa bila kuulizwa lolote. Kijiti kinatolewa siku yoyote akitaka, na uwezo wa kushika mimba unarudi upesi. Inayochelewesha kwa miezi ni sindano.

Wa Takwimu
Mnapigania kibali, na siri inavujia kwenye benchi. Chumba cha uzazi wa mpango kiko ndani ya kliniki ya mama na mtoto, jirani yake yuko palepale anapima mtoto uzito. Jina linaitwa kwa sauti, yote matatu. Rejista ya MTUHA, daftari la taarifa za wagonjwa, iko wazi mezani, mteja anayefuata anasoma mistari kumi ya juu.

Dawa yake haina gharama. Ita namba. Funika rejista kwa kadibodi iliyokatwa tundu la mstari mmoja. Kabla ya kuandika simu uliza, "Nikipiga anapokea nani?" Kadi ibaki kituoni, aondoke na kipande chenye tarehe tu.

Baba Wawili
Kadi ibaki kituoni? Akihamia Mwanza, wa kumtolea atajuaje kiliwekwa lini?

Wa Takwimu
Kipande kiwe na tarehe mbili, ya kuweka na ya kutoa, bila jina la njia. Mhudumu atapapasa mkono, akute kijiti kimoja, atajua anachosoma.