Nimekuta santuri za zamani duka la vikorokoro Ngamiani, zina ukungu. Ninunue?

BintiNgamiani:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga tangu Jumatano, nimekuja kumwona mama, Jumapili narudi Dodoma. Kila nikija nyumbani lazima nipite yale maduka ya vikorokoro Ngamiani. Mnayajua: ndani giza, pasi za mkaa, taa za chemli, vyerehani visivyo na gurudumu, baiskeli zimening'inizwa juu, mzee amekaa nje na kahawa yake. Hata nisiponunua kitu, natoka humo roho nyeupe.

Jana nyuma ya lundo la redio mbovu nimekuta boksi la santuri, kama thelathini hivi. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, chache ni nzito za 78. Nikaanza kufuta vumbi kwa kanga: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, halafu Black Star na Lucky Star. Mikono ilinitetemeka. Hizi ni bendi za hapa hapa kwetu, na sauti ya Shakila, yule mwimbaji wa taarabu, nimekua nikiisikia mama akichambua mchele.

Shida ni madoa meupe ya ukungu, na mbili zimepinda kama kawa. Mzee anataka 5,000 kwa moja, au laki moja boksi zima. Laki si haba kwangu, na dukani hakuna pa kujaribia. Nitajuaje ipi inaimba na ipi imekufa?

FundiRedio:
Dada, usichague humo gizani. Toa moja moja nje, iinamishe juani uitazame kwa ubavu. Ikiwa nyeusi ya kung'aa, mistari ni mizima. Ikiwa imepauka kijivu, imeliwa na sindano nzito. Hata uioshe itakoroma tu. Mikwaruzo membamba isikutishe. Pitisha ukucha taratibu: ukikwama, na sindano itaruka hapo hapo. Zilizopinda hivyo ziache.

MamaChumbageni:
Ukungu unatoka, mwanangu. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ufuate mzunguko wa mistari. Ile karatasi ya katikati isilowe, ndiyo yenye jina la bendi. Anika kivulini, zikauke kabisa. Pwani hii ina unyevu, ukizirudisha boksini mbichi ukungu utarudi.

FundiRedio:
Naongezea: za 78 usiziguse kwa spiriti kabisa. Nyingi ni za shelaki, spiriti inaiyeyusha. Na ikikuponyoka inavunjika kama kigae.

MtotoWaBandarini:
Mimi ningebeba boksi zima. Mwaka juzi niliacha kasha la mninga lenye misumari ya shaba, nikasema nitarudi sikukuu. Niliporudi mzee alishafariki, wanawe wameshauza kila kitu, na pale pamekuwa kibanda cha kutuma pesa. Mpaka leo linaniuma.

Abiria_wa_Kange:
Ukisafiri usiziweke kwenye buti la basi, joto la kule litazipinda. Zisimamishe wima katikati ya makaratasi magumu, uzipakate mwenyewe.

BintiNgamiani:
Asanteni sana. Mama Chumbageni, shikamoo. Leo asubuhi nimerudi, nikazitoa nje moja moja kama fundi alivyosema. Mzee mwenyewe aliniletea kigoda. Nimechagua 14, tukapatana 60,000, na zile za 78 amekubali kunihifadhia hadi kesho.

Jirani ana rekodi pleya ya marehemu mumewe, bado nzima. Nimeosha moja ya Black Star, nikaiweka. Ilikwaruza kidogo mwanzoni, kisha sauti ikatoka. Mama alikuwa uani anakata bamia. Aliacha kisu juu ya ungo, akaja akakaa. Hakusema neno mpaka upande ulipoisha, kisha akaniambia niigeuze.

Za 78 pleya ya jirani haina mwendo wake. Kuna mwenye gramafoni hapa mjini anayeweza kuniazima kesho, hata saa moja tu?