Yah: Afisa wa EHE (elimu ya nyumbani kwa hiari ya mzazi) anataka kuja nyumbani Jumanne

Kutoka: Mama Nuru

Ndugu zangu, salaam. Mwezi uliopita nilimwandikia mwalimu mkuu kumwarifu kwamba binti yangu wa miaka sita atasomea nyumbani, na shule ikalifuta jina lake kwenye rejista bila maneno. Leo nimepokea barua ya LA, yaani mamlaka ya eneo letu hapa Uingereza (England): afisa wa EHE "atafika" Jumanne saa nne asubuhi kumwona mtoto, kukagua ratiba ya vipindi na kutazama "mazingira ya kujifunzia", kana kwamba miadi hiyo tuliipanga pamoja. Ratiba ya vipindi sina. Asubuhi tunasoma na kuhesabu kwa Kiswahili, mchana kwa Kiingereza, na hapo ndipo lilipo swali langu: je, katika ripoti ya masomo yake kwa LA nieleze waziwazi kwamba nusu ya masomo ni kwa Kiswahili, au nitakuwa nimewapa sababu ya kusema elimu yenyewe haifai? Naomba anijibu aliyewahi kuandika ripoti ya namna hiyo.

Kutoka: Baba Zawadi

Pole, dada, lakini barua isikutishe. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya 1996 kinamtaka mzazi ampatie mtoto elimu ya muda wote, yenye ufanisi, inayolingana na umri, uwezo na kipaji chake, iwe shuleni au kwa njia nyingine. Hulazimiki kufuata mtaala wa taifa wala saa za shule, na kumfungulia afisa mlango ni hiari yako. Mimi nililetewa barua ya maneno hayo hayo, nikaitia kabatini, na hadi leo hakuna aliyenifuata. Shule nayo haikukufanyia hisani. Kanuni za Rejista za 2006 zinailazimisha kufuta jina ikishapata taarifa ya maandishi.

Kutoka: Bi. Rehema

Baba Zawadi, kwa heshima zote, kanuni za 2006 zilikwisha kufutwa. Zinazotumika tangu Agosti 2024 ni nyingine, na shule ya mahitaji maalumu haifuti jina la mtoto aliyepelekwa huko na LA mpaka LA yenyewe iridhie, kwa hiyo wenye EHCP (mpango rasmi wa mtoto mwenye mahitaji maalumu) wasikurupuke. Hilo la kabatini ndilo lililonikera zaidi. Ni kweli kwamba sheria haikulazimishi kujibu maulizo ya kawaida, lakini tangu hukumu ya Phillips v Brown ya 1980 inajulikana kwamba mzazi akinyamaza, LA inaweza kuhitimisha kuwa mtoto hasomi, kisha ikaleta ilani ya kifungu cha 437 cha sheria hiyo ya 1996, inayomtaka mzazi athibitishe kwamba mtoto anasoma, na baadaye SAO, yaani amri ya kumpeleka mtoto shule. Wewe ulibahatika, na bahati yako si ushauri wa kumpa mama mwenye barua mkononi.

Mama Nuru, ziara ikatae kwa adabu na kwa maandishi, kisha peleka ripoti. Yangu ilikuwa kurasa mbili, na nilieleza mambo yaliyotendeka badala ya kusifu. Niliandika, kwa mfano, kwamba mtoto alipima unga kwa mizani, akaandika gramu 60, akaongeza hadi 80, kisha akaeleza mwenyewe tofauti ni ngapi. Nikaambatisha ukurasa wake wenye tarehe, ile 6 ikiwa imegeukia upande usio wake. Sikuirekebisha, kwa sababu ukurasa uliosafishwa hauoneshi maendeleo yoyote miezi mitatu baadaye. Swali lako la Kiswahili siwezi kulijibu, maana sisi tulisomesha kwa Kiingereza tu.

Kutoka: Mama Salim, Glasgow

Jamani, msiwapotoshe wasomaji wa huku. Uskoti sheria ni ya 1980, na mtoto aliyekwisha kuhudhuria shule ya umma haondolewi mpaka halmashauri itoe ridhaa. Barua kwa mwalimu mkuu pekee haitoshi.

Kutoka: Baba Zawadi

Mama Salim, aliyeuliza yuko England, si Uskoti.

Kutoka: Kaka Juma, Ujerumani

Mnagombania ziara ya afisa! Huku Schulpflicht, yaani sheria ya kumlazimu kila mtoto kwenda shule, haina mchezo, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la Wunderlich la 2019, haikuona kosa watoto kuondolewa kwa muda mikononi mwa wazazi waliokataa kuwapeleka shule. Kiswahili wanangu wanakipata jioni kwa bibi yao kwenye simu, naye huwakaripia wakisahau shikamoo.

Kutoka: Mama Nuru

Asanteni. Ziara nitaikataa na ripoti nitaiandika, pamoja na kurasa zenye tarehe. Ila suala la Kiswahili bado naliulizia. Pia mdogo wake, aliyetimiza miaka minne Juni, amepewa nafasi ya darasa la awali. Je, naye nimwandikie barua?

Kutoka: Bi. Rehema

Huyo sheria haijamfikia. Umri wa lazima huanza muhula unaofuata siku ya kuzaliwa ya tano, kwa hiyo wake ni Septemba ya mwakani. Nafasi ikatae kwa maandishi ili jina lisiingizwe kwenye rejista. Kwa huyu mkubwa, kumbuka una siku 15 za kujibu.

Kutoka: Baba Zawadi

Siku zisizopungua 15 ni za ilani ya 437, Bi. Rehema, si za barua ya kawaida kama hii. Nawe pia usimtishe.