Fundi wa matangi kaua furu wa marehemu baba mdogo, halafu anasema walikuwa wazee

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, na naomba mnisome mpaka mwisho, hasa mlio Kampala na Entebbe mnaofuga samaki wa mapambo.

Baba mdogo alifariki mwaka jana kule Entebbe. Alikuwa askari mstaafu, mtu asiye na maneno mengi. Sebuleni kwake aliacha tangi la lita 200 lenye furu 14, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, aliowapata kwa wavuvi wakiwa hai, mmoja leo, mwingine baada ya mwezi. Hawa ndio Waganda wanawaita nkejje. Wengi wetu tunawajua wakiwa wamekaushwa, wale ambao bibi walitupikia tulipougua surua. Yeye aliwajua wakiwa hai. Alikuwa akinionyesha dume anavyokolea rangi akimtaka jike, na jike anavyoyabeba mayai mdomoni wiki mbili au tatu bila kutia chakula kinywani. Ziwa letu lilikuwa na mamia ya aina za furu kabla ya sangara kupandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi hazionekani tena. Kwa hiyo anayeniambia "si utanunua wengine" anyamaze tu.

Baada ya msiba tangi halikuwa na mwenyewe. Mama mdogo aliwalisha, na maji yakipungua kwa kukauka aliongeza kidogo. Alifanya alichokijua, simlaumu hata chembe. Miezi minane ikapita hivyo. Maji yakawa rangi ya chai, kioo kikaota mwani, kokoto zikafunikwa na tope. Lakini samaki wote 14 walikuwa hai. Shikeni hapo, maana ndipo kesi yangu ilipo.

Mama mdogo alipoamua kurudi Bombo kwa ndugu zake, tukakubaliana furu waje kwangu Ntinda. Nilikuwa kazini, yeye akatafutiwa fundi anayejitangaza kuwa mtaalamu wa matangi. Akamlipa shilingi 180,000 mkononi kabla ya kazi.

Nilipofika Entebbe saa sita mchana fundi alishaanza. Alikuwa ametoa nusu ya maji machafu na kujaza ya bomba, moja kwa moja kutoka kwenye mpira, eti "wapate kupumua kwanza". Furu walikuwa wamepanda juu wote, midomo kwenye uso wa maji, mashavu yakipiga haraka haraka. Nikamuuliza mbona wako hivyo. Akanijibu wamefurahi.

Hawakuwa wamefurahi, walikuwa wakiungua! Tangi likiachwa muda mrefu, uchafu wa samaki huendelea kuoza na kutengeneza asidi, na asidi ile hula madini yanayoshikilia pH (kipimo cha asidi ya maji: ikishuka, asidi imezidi) mpaka yanaisha. pH inashuka taratibu na samaki wanaizoea kidogo kidogo. Ikishuka sana, hata bakteria wazuri wa kwenye chujio wanazembea, amonia itokayo kwenye uchafu wa samaki inarundikana. Ila katika maji yenye asidi, sehemu kubwa ya amonia hiyo hukaa katika hali isiyodhuru sana. Ukimwaga ghafla maji mengi yenye pH ya juu, inageuka sumu mle mle ndani, dakika zile zile. Rafiki yangu mwenye vipimo alipima baadaye pH ya maji ya zamani yaliyobaki kwenye dumu: chini ya 6. Ya bomba: 7 na kitu. Kwenye kipimo hiki, kila namba moja ni tofauti ya mara kumi. Na maji ya bomba yana klorini, inayochoma mashavu ya samaki hata kama tangi lilikuwa safi.

Haikuishia hapo. Akachukua sifongo la chujio akalisugua chini ya bomba mpaka likawa jeupe. Sifongo lile ndilo lilikuwa na bakteria wengi wanaokula amonia. Lilitakiwa lisafiri likiwa bichi, ndani ya maji ya tangi lenyewe. Akavuruga kokoto kwa mkono na samaki wakiwa ndani, tope lote likainuka. Akawakimbiza kwa wavu mpaka jike mmoja akatema mayai yake sakafuni. Niliyaona, madogo ya manjano kwenye vigae. Fundi akayakanyaga akipita.

Foleni ya Kampala mnaijua. Tulifika Ntinda jioni, samaki wakiwa kwenye mifuko iliyojazwa maji mpaka shingoni, hewa hakuna, na asubuhi walikuwa wamelishwa washibe. Theluthi moja maji, theluthi mbili hewa, na chakula kusimamishwa siku moja kabla: hata kijana anayeuza samaki wa mapambo barabarani analijua hilo. Tangi jipya alilijaza maji ya bomba ya muda ule ule, akafungua mifuko, akamimina kila kitu ndani. Akaondoka.

Asubuhi sita wamekufa. Siku ya tatu, tisa.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Angejaza madumu maji ya zamani, akaja nayo, furu wakaendelea kuishi ndani ya maji waliyoyazoea na sifongo lao. Maji ya bomba yangelala siku nzima kwenye pipa na pampu ya hewa ikitoa mapovu, au yatiwe dawa ya kuua klorini. Halafu unabadilisha ndoo moja ndogo kwa siku, kama sehemu moja ya kumi, wiki mbili hivi, ukipima. Ukiharakisha, unadondosha maji mapya kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, tone kwa tone, masaa kadhaa. Ndivyo ninavyofanya sasa na watano waliobaki. Rafiki amenipa kipande cha sifongo kutoka tangi lake, na tangu juzi hakuna aliyekufa.

Nimempigia fundi mara nne. Mara ya mwisho alipokea, akasema samaki walikuwa wagonjwa na wazee, tangi lilikuwa chafu mno, na kwamba mama mdogo ndiye aliyewaua kwa kutosafisha. Alimwambia hivyo hivyo mama mdogo kwa simu, mjane, naye akanipigia akilia kuniomba msamaha.

Sitaandika jina lako hapa, lakini najua humu unapita. Rudisha 180,000 za mama mdogo kabla ya Ijumaa, na umpigie wewe mwenyewe umwambie kwamba hakuua kitu. Na hilo la uzee liache. Yule jike uliyemkimbiza kwa wavu alikuwa na mayai mdomoni.