Dripu ya saratani ya koo na masikio kuvuma

Mkazi wa Nyakato:
Habari zenu, wanajukwaa. Baba yangu mdogo anatibiwa saratani ya koo hapa Mwanza kwa mionzi pamoja na dripu za sisplatini, na tangu dripu ya pili analalamika kwamba masikio yanavuma, hasa usiku, wala hasikii tena simu yake ikilia chumba cha pili. Je, ni dawa, au ugonjwa unasambaa?

Muuguzi wa Kirumba:
Pole, ndugu. Sisplatini inajulikana kwa kuua seli zenye vinyweleo za sikio la ndani, ambazo hazioti tena. Usikivu huanza kupotea kwa sauti nyembamba, ndiyo maana mgonjwa huweza kufuata mazungumzo na bado akakosa mlio wa simu. Mwambieni daktari kabla ya dripu ijayo, ili apimwe usikivu na ionekane kama dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe. Kuacha kliniki kimya kimya, hapana.

Mjukuu wa Ukerewe:
Hakuna dawa ya kukinga masikio?

Mfamasia:
Ipo, sodiamu thiosalfeti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, lakini kwa watoto wenye uvimbe ambao haujasambaa, nayo hutolewa saa 6 baada ya sisplatini; hofu ya watafiti ni kwamba, ikitumiwa vibaya, itaikinga hata saratani yenyewe dhidi ya sisplatini. Msisahau mionzi pia: ikipita karibu na sikio huweza kusababisha maji kujaa nyuma ya ngoma, na hilo mara nyingi hutibika.